Intaneti ya nyumbani: Kuunganisha, kutazama na kulinda kumbukumbu za familia Kolandoto

KOLANDOTO ni kata iliyo ndani ya Manispaa ya Shinyanga, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, mahali inapoanzia barabara ya kwenda Lalago na Mwanhuzi. Kwa miaka mingi jina lake limejulikana kutokana na hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo leo iko chini ya Kanisa la AICT, pamoja na chuo cha sayansi za afya kilicho jirani nayo.

Katika nyumba za wauguzi, walimu, wafanyabiashara na wanafunzi wa eneo hilo, kama ilivyo katika miji ya Kahama, Geita na vitongoji vya migodi ya dhahabu, kuna jambo moja linalofanana. Picha za harusi na za mazishi, vyeti vya shule vilivyopigwa picha, daftari la vikoba, stakabadhi za mauzo ya pamba na hati za viwanja, vyote vimo ndani ya simu moja au kompyuta moja. Simu hiyo ikiibwa kituo cha mabasi, au kompyuta ikipigwa na radi, miaka kumi ya maisha ya familia hutoweka kwa siku moja.

Wengi hudhani kwamba kinga ya hasara hiyo ni ya ofisi kubwa na mabenki pekee. Ukweli ni kwamba nyumba ya kawaida yenye umeme, ruta moja, kompyuta iliyokwishatumika na diski mbili inaweza kuwa na mtandao wake wa ndani, kutazama filamu na masomo bila kumaliza kifurushi, na kuhifadhi kumbukumbu zake kwa usalama. Kinachotakiwa ni kuelewa mambo matatu na kuyapanga kwa utaratibu: mtandao wenyewe, utazamaji na nakala za akiba.

Intaneti hutoka wapi?

Hadi mwaka 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya Tanzania ilipitia kwenye satelaiti, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kufanya kazi, na mwaka uliofuata ukafuata mkongo wa EASSy. Kutoka Dar es Salaam, mawasiliano hayo husafirishwa hadi mikoani kwa Mkongo wa Taifa unaosimamiwa na TTCL pamoja na njia za kampuni za simu, kisha hufika kwa mtumiaji kupitia minara au waya.

Safari hiyo ndefu ina udhaifu wake. Mei 12, 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika chini ya bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi kadhaa za ukanda huu. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, huduma ya intaneti ilikatwa nchini na haikurejea kwa siku kadhaa. Katika nyakati kama hizo, aliyehifadhi kila kitu chake mtandaoni hukaa mikono mitupu, wakati aliye na nakala nyumbani huendelea na kazi.

Hapa ndipo inapofaa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Wi-Fi si intaneti. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayounganisha vifaa vya ndani ya nyumba na ruta, na intaneti ni huduma inayoingia kwenye ruta hiyo kutoka nje. Kifurushi kikiisha, Wi-Fi haifi. Simu, kompyuta na televisheni za nyumba hiyo huendelea kuonana zenyewe kwa zenyewe. Mpango mzima unaoelezwa katika makala hii umejengwa juu ya jambo hilo moja.

Kuchagua huduma

Mkazi wa Kolandoto mwenye kutaka intaneti ya nyumbani ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni waya wa faiba, pale ulipofika. Hii ndiyo njia iliyo bora, kwa sababu kasi yake haibadiliki sana na malipo huwa ya mwezi bila kuhesabu gigabaiti. Ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, ni ruta inayotumia laini ya simu ya kampuni kama Vodacom, Airtel, Yas (zamani Tigo), Halotel au TTCL.

Kabla ya kununua ruta ya laini, ni busara kuazima laini za kampuni mbili au tatu tofauti na kuzijaribu kwa simu moja, ndani ya chumba kile kile ruta itakapowekwa. Jaribio lifanyike mara mbili: asubuhi, na tena kati ya saa 2 na saa 4 usiku, wakati majirani wote wapo mtandaoni. Kasi ya asubuhi hudanganya. Mnara mmoja hugawana uwezo wake kwa watumiaji wote waliouelekea, na kampuni inayosifiwa mjini Shinyanga si lazima iwe bora kilometa chache nje ya mji.

Aidha, msomaji anapaswa kufahamu lugha ya wauzaji. Kasi hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Huduma ya megabiti 10 kwa sekunde hupakua megabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Kasi ya kupakia kwenda nje huwa ndogo zaidi, na huathiri sana suala la akiba litakaloelezwa baadaye.

Ruta iwekwe wapi

Nyumba nyingi za ukanda huu hujengwa kwa tofali na kuezekwa kwa mabati. Mabati huzuia mawimbi ya redio. Ruta ya laini iliyowekwa katikati ya nyumba, juu ya kabati la chuma, hupata mawimbi dhaifu kutoka kwenye mnara hata kama mnara wenyewe unaonekana kwa macho. Mahali pafaapo ni karibu na dirisha lililoelekea mnara, juu kidogo usawa wa kichwa, mbali na kioo kikubwa, jokofu na oveni ya maikrowevu.

Ruta za kisasa hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini huingiliana kwa urahisi na ya majirani. Yale ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini huchoka haraka yakikutana na ukuta. Kwa hiyo televisheni iliyo chumba kimoja na ruta iunganishwe kwenye gigahezi 5, na simu zinazozunguka hadi uani zitumie gigahezi 2.4. Katika mawimbi ya 2.4, mikondo isiyoingiliana ni mitatu tu, yaani wa 1, wa 6 na wa 11. Kama majirani wote wako kwenye wa 6, kuhamia wa 1 au wa 11 kunaweza kuondoa usumbufu bila gharama yoyote.

Umeme na radi

Mtaalamu yeyote anayeweka mitambo katika Kanda ya Ziwa huanza na umeme. Ukanda huu una radi nyingi, na si suala la vifaa pekee: Oktoba 2018 wanafunzi wa shule ya msingi mjini Geita waliuawa na radi wakiwa darasani. Kwa vyombo vya nyumbani, kanuni ya kwanza ni rahisi na haina gharama. Ngurumo zikianza kukaribia, plagi zote zichomolewe, pamoja na waya wa antena na wa mtandao unaoingia kutoka nje. Kuzima swichi hakutoshi, kwani radi huruka nafasi ndogo iliyo ndani ya swichi.

Kanuni ya pili inahusu kukatika na kurejea kwa umeme. Hatari kubwa kwa diski na ruta ni dakika ile umeme unaporejea kwa nguvu isiyo sawa. Kifaa cha kulinda vyombo, kile kinachochelewesha umeme kwa dakika chache hadi utulie, husaidia sana. Kwa ruta, ipo betri ndogo ya volti 12 inayokaa kati ya chaji na ruta yenyewe na kuiendesha kwa saa kadhaa. Anayenunua aangalie kwamba volti zilizoandikwa kwenye betri ni zile zile zilizoandikwa kwenye chaji ya ruta.

Matumizi ya umeme si makubwa kama inavyodhaniwa. Ruta inayotumia wati 10 mchana na usiku humaliza takriban uniti 7 za LUKU kwa mwezi. Kompyuta mpakato ya zamani inayotumia wati 25 muda wote humaliza uniti 18. Ikizimwa usiku, hesabu hiyo hupungua kwa karibu nusu.

Kufunga mlango

Ruta mpya huja na neno la siri lililobandikwa chini yake. Wapo wanaoliacha hivyo kwa miaka, na kila mgeni aliyewahi kuigeuza ruta hiyo analo. Hatua za kufuata siku ya kwanza ni chache.

Kwanza, mtumiaji aunganishe simu au kompyuta, afungue kivinjari na kuandika anuani iliyo kwenye kibandiko, ambayo mara nyingi huanza na tarakimu 192.168. Pili, abadilishe neno la siri la msimamizi wa ruta, ambalo ni tofauti na lile la Wi-Fi. Tatu, achague ulinzi wa WPA3 kama vifaa vyote vinauelewa, au WPA2 kama havielewi. Ulinzi wa zamani uitwao WEP ulikwishavunjwa na watafiti tangu mwaka 2001 na haufai kabisa. Nne, azime WPS, ile njia ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kwa tarakimu nane, kwa sababu tarakimu hizo zinaweza kubahatishwa na programu. Tano, asasishe programu ya ndani ya ruta.

Neno la siri zuri ni refu kuliko gumu. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyounganishwa, ni magumu kubahatisha kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Wageni wapewe mtandao wao tofauti, ambao ruta nyingi huuita mtandao wa wageni, ili waweze kutumia intaneti bila kuziona faili za familia. Hili si suala la ubahili. Laini iliyo ndani ya ruta imesajiliwa kwa jina na alama za vidole za mtu mmoja, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu matendo yanayofanywa kupitia huko. Mwenye laini ndiye atakayeulizwa kwanza.

Kifurushi kinapoteketea

Malalamiko makubwa ya wenye ruta za laini ni kwamba kifurushi huisha bila kujulikana kimekwenda wapi. Jibu huwa ni video. Kwa makadirio ya Netflix yenyewe, saa moja ya video ya ubora wa kati hula gigabaiti 0.7 hivi, ya ubora wa juu wa HD hufikia gigabaiti 3, na ile ya 4K gigabaiti 7. Familia inayotazama saa mbili kila usiku kwa ubora wa HD humaliza gigabaiti 180 kwa mwezi. Familia hiyo hiyo ikishusha ubora hadi wa kati, hutumia 42 tu. Katika televisheni ya ukubwa wa kawaida, wengi hawataona tofauti ya maana.

Mlaji wa pili ni masasisho ya kompyuta na simu yanayojipakua yenyewe. Windows ina mpangilio wa kuutambua mtandao kuwa ni wa kupimwa, na ukiwashwa, kompyuta huacha kupakua mambo makubwa bila ruhusa. Simu nazo hudhani kwamba kila Wi-Fi ni ya bure, kwa hiyo zinapaswa kuelezwa hivyo hivyo. Mlaji wa tatu ni video zinazojicheza zenyewe katika mitandao ya kijamii, nazo huzimwa ndani ya mipangilio ya programu husika.

Hata hivyo, dawa ya kudumu ni kuacha kupakua kitu kile kile mara kumi. Katuni anayoipenda mtoto hutazamwa kila siku, na kila siku hulipiwa upya. Ikiwa ndani ya nyumba, hulipiwa mara moja tu.

Maktaba ndani ya nyumba

Hapo ndipo kompyuta ya zamani inaporudi kazini. Mpakato uliokwisha kuwa mzito kwa kazi za ofisi, hata wenye kioo kilichopasuka, unaweza kuwa maktaba ya nyumba. Una faida ambayo kompyuta ya mezani haina: betri yake huuvusha umeme unapokatika ghafla, hivyo diski haiharibiki katikati ya kuandika. Wanaotaka kifaa kidogo zaidi wanaweza kutumia Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 na inayotumia wati chache tu.

Katika kompyuta hiyo huwekwa programu ya kusambaza filamu na muziki. Jellyfin ni mojawapo, nayo hutolewa bure. Mtumiaji huionyesha makabrasha yenye filamu, nyimbo na picha, nayo huyapanga na kuyaonyesha kwenye simu na televisheni yoyote iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumba hiyo. Televisheni nyingi zenye uwezo wa mtandao huweza pia kuiona kompyuta moja kwa moja, na simu zinaweza kutumia VLC. Televisheni isiyo na mtandao huunganishwa na kompyuta kwa waya wa HDMI.

Yote haya hufanyika bila kugusa kifurushi hata baiti moja, kwa kuwa mawasiliano hayatoki nje ya nyumba. Diski ya terabaiti moja hubeba zaidi ya filamu 600 za gigabaiti moja na nusu kila moja. Ikiwa filamu inakwamakwama, sababu mara nyingi ni kwamba kompyuta inajaribu kuigeuza kuwa muundo mwingine wakati inachezwa, kazi ambayo kompyuta ya zamani haiiwezi. Faili za MP4 za aina ya H.264 huchezwa na karibu vifaa vyote bila kugeuzwa, hivyo tatizo huondoka.

Maktaba hiyo si ya burudani tu. Programu ya Kiwix huwezesha kuhifadhi Wikipedia nzima na kuisoma bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, hutoshea kwenye flashi ya kawaida, wakati ile ya Kiingereza pamoja na picha zake huhitaji takriban gigabaiti 100. Kwa mwanafunzi wa uuguzi au wa sekondari, hiyo ni rafu ya vitabu isiyofungwa usiku na isiyodai kifurushi.

Ikumbukwe kwamba filamu zinazonakiliwa kwa flashi kwenye vibanda bila ridhaa ya wenyewe zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Zipo kazi nyingi zinazotolewa bure na wenyewe, na video za familia hazina mdai.

Akiba: somo la ngitili

Wasukuma wana desturi ya ngitili, ya kutenga sehemu ya malisho mvua zinapoanza na kuzuia mifugo isiingie, ili kiangazi kikifika pawepo na nyasi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hiyo na kurejesha miti katika maeneo yaliyokuwa yamegeuka jangwa. Nguvu ya ngitili iko katika mambo mawili: hutengwa wakati wa neema, na haiguswi ovyo. Akiba ya kumbukumbu za kompyuta hufuata masharti yale yale.

Kanuni inayofundishwa duniani kote ni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh. Maana yake ni kuwa na nakala tatu za kila kitu muhimu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe nje ya nyumba. Kwa familia ya Kolandoto, nakala ya kwanza ni ile iliyo kwenye simu au kompyuta inayotumika. Ya pili ni diski ya nje iliyo kabatini. Ya tatu inaweza kuwa diski nyingine iliyo kwa ndugu, Mwanza au Kahama, au hifadhi ya mtandaoni.

Haja ya nakala ya nje ya nyumba si ya kufikirika katika mkoa huu. Usiku wa Machi 3, 2015 mvua kubwa ya mawe na upepo iliangusha nyumba katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, na watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Nyumba inapoanguka, kompyuta na diski yake ya akiba huzikwa pamoja. Vivyo hivyo mwizi anayechukua kompyuta huchukua na diski iliyochomekwa ubavuni mwake.

Kipi kitangulie

Si kila kitu kinastahili nakala tatu. Filamu iliyopotea hupatikana tena, picha ya marehemu mama haipatikani. Hivyo basi, hatua ya kwanza ni kugawa kumbukumbu katika mafungu mawili: zisizorudi na zinazorudi. Fungu la kwanza huwa dogo kuliko inavyodhaniwa. Picha 10,000 za megabaiti 3 kila moja ni gigabaiti 30 tu, na nyaraka za familia nzima mara nyingi hazifiki gigabaiti mbili.

Hifadhi ya mtandaoni ina mipaka yake. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo ni ya barua pepe, faili na picha kwa pamoja, na tangu Juni 1, 2021 picha mpya zote huhesabiwa humo. Kupakia gigabaiti 30 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 33 mfululizo. Ndiyo maana inashauriwa kuanza na nyaraka, kisha picha za miaka ya karibuni, na kuacha video zipelekwe kwa diski anaposafiri ndugu.

Kazi ya kunakili isiachiwe kumbukumbu ya mtu. Windows ina File History na kompyuta za Apple zina Time Machine, ambazo hunakili zenyewe kila diski inapochomekwa. Siku moja ya mwezi, kwa mfano siku ya mshahara, iwe siku ya kuchomeka diski. Ikimaliza, ichomolewe na kurudishwa kabatini. Diski inayobaki imechomekwa wakati wote si akiba kamili, kwa sababu virusi vya kufunga faili na kudai fidia, kama WannaCry iliyosumbua dunia Mei 2017, hufunga kila kilichounganishwa na kompyuta. Kwa sababu hiyo hiyo, kulandanisha simu na hifadhi ya mtandaoni si sawa na kuweka akiba: picha ikifutwa upande mmoja, hufutika na upande wa pili.

Kuhusu vyombo, diski za kuzunguka ni za bei nafuu lakini hazipendi kuanguka wala kutikiswa zikiwa kazini. Flashi hufaa kusafirishia, si kutunzia miaka mingi. Sokoni zipo flashi na kadi za bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko zilizo nayo, ambazo hupokea faili bila kulalamika na kuziharibu kimya kimya. Programu ya bure ya H2testw hujaza chombo kizima na kukisoma tena, hivyo huufichua ulaghai huo kabla ya kumbukumbu kuwekwa. Diski yenye kutumika kwenye vifaa mbalimbali iandaliwe kwa mfumo wa exFAT, maana ule wa zamani wa FAT32 haupokei faili inayofikia gigabaiti nne.

Siri za wengine

Katika eneo lenye hospitali na chuo cha afya, lipo jambo jingine la kuangalia. Watumishi na wanafunzi wengi hubeba kazi nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Picha ya kidonda, jina la mgonjwa au karatasi ya vipimo haipaswi kujikuta katika diski ya familia, wala kupaa mtandaoni na picha za harusi kwa sababu simu imewekwa ipakie kila kitu. Taarifa za namna hiyo zibaki katika mifumo ya taasisi.

Kwa nyaraka za familia yenyewe, diski inayokwenda kwa ndugu inaweza kufungwa kwa fumbo kwa kutumia BitLocker au VeraCrypt. Ikipotea njiani, aliyeiokota hatasoma chochote. Lakini neno la siri la fumbo likisahaulika, hata mwenyewe hatasoma. Liandikwe kwenye karatasi na kutunzwa mahali pamoja na hati nyingine, na mtu mmoja zaidi katika familia ajue lilipo. Mara nyingi baba au mama anapofariki, kumbukumbu zote hufungika pamoja naye.

Jaribio la mwisho

Anayeanza kutoka sifuri hana haja ya kununua vyote kwa siku moja. Utaratibu wenye manufaa ni kuanza na diski moja ya nje na kunakili fungu la visivyorudi wiki hii hii, hata kabla ya ruta, kwa kuwa hiyo ndiyo hasara isiyofidiwa. Kisha ifuate ruta yenye maneno mapya ya siri na kinga ya umeme. Baadaye kompyuta ya zamani igeuzwe kuwa maktaba, na mwisho diski ya pili ipelekwe kwa ndugu.

Baada ya hapo hubaki kazi moja ambayo wengi huiruka. Mara mbili kwa mwaka, diski ya akiba ichomekwe kwenye kompyuta nyingine, isiyo ile ya kila siku, na zifunguliwe faili kumi kutoka makabrasha tofauti: picha ya zamani, video ya mwaka jana, cheti, daftari la vikoba. Zikifunguka zote, akiba ipo. Isipofunguka hata moja, diski ibadilishwe siku hiyo hiyo, wakati nakala nyingine bado zingalipo. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini walikuwa wakisema juu ya ghala ambalo mtu huingia na kulikagua kwa macho. Ya kwenye diski huoza bila harufu, na mwenye nayo hugundua siku anapoihitaji.